Programu ya Bure na Programu Huria

Kijana wa Kariakoo atakaye kurekodi wimbo hapati taabu ya kutafuta programu. Huletewa katika flashi, kufuli lake limekwisha kuvunjwa, naye huiita ya bure. Jina hilo halistahili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda programu ya kompyuta kama inavyoulinda wimbo wa kijana huyo huyo, ambaye hulalamika sana wimbo wake unapoibwa.

Ipo bure ya namna nyingine. FL Studio ya Ubelgiji hutolewa kwa majaribio pasipo malipo. Mtumiaji aweza kutunga na kuhifadhi kazi yake, lakini hawezi kuifungua tena na kuiendeleza mpaka anunue leseni. Akiisha kuinunua, kwa haki yasemwe, matoleo mapya hupewa maishani bila kulipa tena.

Programu huria ni jambo jingine kabisa. Audacity, iliyoanzishwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, haidai malipo, na zaidi ya hayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Ye yote mwenye ujuzi aweza kuyasoma na kuyarekebisha. Mwaka 2021 mmiliki mpya, Muse Group, alipotaka kuingiza sehemu ya kukusanya taarifa za matumizi, watu waliiona katika maandishi hayo, wakapinga, na mpango ukaachwa. Katika nakala iliyovunjwa kufuli nani angeona? Kasoro zipo: Audacity hunasa na kukata sauti vema, lakini haikuundwa kwa kutungia midundo ya singeli. Ardour, iliyo huria pia, hudai malipo kwa nakala iliyo tayari kutumika, wala si kosa, kwani waandishi wake nao hula.

Hasara kubwa zaidi ni ya kumbukumbu. Kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 1970, zilizotunzwa vema, husikika hata leo kwa mashine yo yote ya kanda inayolingana nazo. Faili la mradi wa wimbo wa leo hutegemea programu moja. Programu hiyo ikitoweka, sehemu za wimbo hupotea nayo. Kwa hiyo klabu ya muziki shuleni ianze na Audacity, na kila sehemu, ngoma mbali na mwimbaji mbali, ihifadhiwe pia katika faili la WAV, ambalo karibu kila programu hulisoma. Sauti ya stirio ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde, kwa biti 16, dakika moja huchukua megabaiti 10 na ushei. Flashi ya gigabaiti 32 hubeba yapata saa 50.