Majani ya Mwarobaini Si Takataka, ya Ewoi Si Yako

Pita mitaa ya Lodwar saa moja asubuhi. Fagio, rundo, kiberiti. Majani ya mwarobaini yanafagiliwa na kuchomwa, halafu mtu huyo huyo anabeba jerikani kumwagilia sukuma wiki na mche wa mwembe uliosimama kwenye mchanga mtupu. Jua linanyonya maji yote, jioni anarudi tena. Kwani hatuoni tunachofanya? Moshi unafukuza mbu, sawa, lakini saa moja asubuhi mbu gani?

Mimi ni mtoto wa Lokiriama. Wengi mnaijua kwa mkataba wa amani wa 1973 kati yetu na Wamatheniko wa Uganda. Leo nimekuja na majani tu.

Lodwar hupata kama milimita 200 za mvua kwa mwaka. Kwa hivyo kwetu jani kavu ni kivuli cha udongo kabla halijawa mbolea. Panda mche ndani ya kishimo, zungushia majani unene wa kiganja, acha nafasi kidogo karibu na shina, weka mawe juu. Upepo wetu mnaujua. Ukitaka mbolea, chimba shimo, usirundike juu kama watu wa Kitale, maana rundo hapa linakauka kabla ya kuoza. Majani, samadi ya mbuzi, maji yaliyooshea mboga, funika na gunia.

Lakini zile video zinazosema "okota kila jani unaloona", hapo nakataa. Nenda kando ya Turkwel au Tarach ukaokote majani na maganda ya ewoi uone. Hicho ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi, na ile miti ina wenyewe. Wazee wanaita ekwar: familia ina haki yake juu ya miti ya kando ya mto, hata kama hakuna ua wala hati. Ukijaza gunia pale hujaokota takataka, umeiba lishe. Na nyasi? Jamani, ukate nyasi uitandaze chini huku ng'ombe wanakuangalia! Labda zile ofisi chache zenye bustani ya kumwagiliwa, ndizo ziache kuchoma zao. Mwarobaini ni mchungu, majani yake makavu mbuzi huwa anayaruka. Anzia hapo.

Mathenge je? Majani yake yanaweza kuzuia mbegu nyingine kuota, kwa hivyo yaozeshe kwanza shimoni. Maganda weka mbali kabisa. Mbuzi anayala, mbegu inapita tumboni ikiwa nzima, na samadi isiyooza vizuri inakuletea msitu wa mathenge katikati ya sukuma. Ukiona imechipuka, ng'oa siku hiyo hiyo.

Kuna watakaosema majani yanaleta mchwa. Kweli, yanaleta. Ila Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso alipata sifa dunia nzima kwa kuweka samadi na majani kwenye vishimo vya ardhi ngumu, na mchwa ndio waliomtobolea udongo maji yakaingia. Kwa mche mchanga ongeza ile nafasi ya shina, uwe unaukagua.

Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Picha za kupanda tumeziona. Mimi nauliza nani anaufunika mche wageni wakishapanda gari. Utakuta shule ina mwarobaini mikubwa ya kivuli, miche iliyokauka pembeni, na jivu katikati.

Ndugu zangu wa Kakuma na Kalobeyei, nyinyi mnaolima kwenye magunia kwa maji ya mgao, juu mnafunika na nini? Niandikieni, hasa kama mchwa wamewashinda.