Eti Kiwanja "Kimesafishwa"

Madalali wa viwanja kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo wana kitenzi wanachokipenda: kusafisha. Kiwanja kimesafishwa, wanakuambia, bahari unaiona ukiwa barazani. Kumbe kilichoondolewa hapo ni mikoko.

Siwalaumu sana madalali; wanauza tunachokipenda. Ugomvi wangu ni na sisi tuliosoma. Kwetu uzuri wa mjini ni ukoka uliokatwa vizuri na miashoki iliyopangwa kama askari wa gwaride. Mkoko, kwa kuwa umesimama kwenye tope linalonuka, tunauita pori.

Haya, tulinganishe. Mwashoki umejibana kama mwamvuli uliokunjwa. Kivuli chake hakimtoshi hata kuku. Ukoka unadai maji ya bomba kiangazi kizima, jirani akiwa kwenye foleni ya ndoo. Mchu na mlilana humwagiliwa na bahari yenyewe, mara mbili kwa siku. Mizizi yao hunasa udongo, hupunguza nguvu ya mawimbi, na huwaficha kambamiti na samaki wachanga mpaka wakue. Bustani gani ya hoteli inafanya hayo?

Wapo watakaosema ladha ni ya mtu binafsi, mazingira tuiachie sheria. Sheria ipo: ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini nani atazilinda mita 60 za kitu ambacho mtaa mzima unakiita uchafu?

Jicho hufundishwa. Wazee wa pwani waliijua miti hii kwa majina: mkoko, mchu, mlilana, msinzi, mkandaa, mkomafi. Walijua upi wa boriti, upi wa mataruma ya jahazi. Waliikata pia, sikatai. Dari za nyumba kongwe za Bagamoyo ni ushahidi. Ila walikata wanachokijua. Sisi, na shahada zetu mbili mbili, tunaona "vichaka".

Basi halmashauri zetu ziihesabu mikoko kuwa bustani za mji: ziichore kwenye ramani, zijenge vijia vya mbao, zibandike majina ya miti. Nawe ukionyeshwa kiwanja kilichosafishwa, kabla ya kuuliza bei, muulize dalali: kulikuwa na uchafu gani?