Hukumu ya Deni Katika Daftari la Uingereza

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, khasa vijana walioko ng'ambo na wazazi waliowaaga, juu ya jambo ambalo hatukulitilia maanani mpaka lilipomfika kijana tuliyemfundisha sisi wenyewe Juzuu Amma. Kijana huyu alikwenda Uingereza kufanya kazi, akakaa katika mji wa Leicester. Alipohama chumba alichokuwa amepanga, nyuma yake kulibaki deni la simu ambalo yeye aliamini kuwa si lake, kwani mkataba alikwisha kuuvunja. Hakuwapa wenye simu anwani yake mpya. Barua zikawa zaenda mlango wa zamani. Baada ya miaka miwili alitaka kupanga nyumba ili amchukue mkewe, na mwenye nyumba akamkatalia. Kumbe katika taarifa yake ya mikopo pameandikwa hukumu ya mahakama. Alitupigia simu akasema: "Maalim, mimi sijapata kusimama mbele ya hakimu hata siku moja. Nimehukumiwaje?"

Swali hili lilitushughulisha, tukawauliza wajuao, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Katika Uingereza na Wales, mtu kushitakiwa kwa deni peke yake hakumharibii jina. Kiharibucho ni hukumu. Kwanza mdai hutakiwa kumwandikia mdaiwa kabla ya kwenda mahakamani, na tangu Oktoba 2017 ni lazima ampe siku 30 za kujibu. Asipojibiwa, hufungua madai, na mahakama humpelekea mdaiwa karatasi kwa posta. Hapo mdaiwa ana siku 14 za kujibu tangu karatasi ihesabiwe kuwa imemfikia, na akiarifu kuwa ameipokea na kwamba atajitetea, hupata siku 28. Akinyamaza, mdai huomba hukumu ya upande mmoja, naye huipata bila ya shahidi kuitwa wala hakimu kukaa kitini. Hukumu nyingi za madeni madogo hutoka kwa njia hii. Na karatasi ikipelekwa kwenye anwani ya mwisho ijulikanayo ya mdaiwa, sheria kwa kawaida huhesabu kuwa imefika, hata kama aliyeiokota mlangoni ni mtu mwingine akaitia jaani.

Hukumu hiyo huandikwa katika daftari la hukumu ambalo mtu yeyote aweza kulipekua kwa ada ndogo. Kutoka humo huchukuliwa na makampuni yanayoweka taarifa za mikopo za watu, nayo ni Experian, Equifax na TransUnion. Hukaa humo miaka 6 tangu siku ya hukumu. Muda huo wote, kila atakayeombwa mkopo, na wenye nyumba wengi pia, huiona. Mdaiwa akilipa deni lote katika muda wa mwezi mmoja tangu hukumu, jina lake hufutwa kabisa, kana kwamba halikupata kuandikwa. Akilipa baada ya mwezi kwisha, huandikwa tu kuwa amelipa, na hukumu yabaki pale pale mpaka miaka 6 itimie. Angalieni tofauti ya siku chache inavyokuwa tofauti ya miaka! Na alipaye aombe mahakama hati ya kuthibitisha malipo, asitegemee mdai amkumbuke.

Liko jambo moja lililotustaajabisha zaidi. Mtu aliyefika mahakamani akajitetea, kisha akashindwa, aghalabu hukumu yake haiandikwi katika daftari hilo mpaka mdai aanze kuchukua hatua za kumlazimisha kulipa, au ipitishwe amri ya kulipa kwa mafungu. Kwa hiyo aliyeshindwa huku akisema aweza kusalimika, na aliyenyamaza akaandikwa. Nasi wengi wetu tumezoea kuiogopa barua ya serikali, tukaiweka juu ya kabati tukingoja ijiondokee yenyewe.

Marekani mambo ni mengine. Tangu Julai 2017 makampuni hayo hayo yaliacha kuandika hukumu za madai katika taarifa za watu, kwa kuwa nyingi hazikuwa na alama za kutosha za kumtambulisha mwenyewe. Lakini kufilisika bado huandikwa, na kumbukumbu za mahakama zi wazi kwa apendaye kuzitafuta.

Kwa aliyeelemewa kweli, sheria ya Uingereza imeweka tangu Mei 2021 muhula wa siku 60 ambao wadai wengi huzuiwa kumfuatia, na riba na gharama nyingi husimamishwa. Hauombwi mahakamani, bali kwa mshauri wa madeni aliyeidhinishwa. Twaona hili si geni kwa asomaye aya ya 280 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo yataka mwenye dhiki apewe nafasi. Na aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yahusu kuliandika deni. Kijana wetu alikuwa akiihifadhi aya hiyo alipokuwa na miaka kumi na mbili, lakini barua ya kuvunja mkataba hakuweka hata nakala yake.

Wajuao walimwambia kuwa aweza kuomba hukumu itenguliwe, ikiwa ataonyesha kuwa ana utetezi wa haki na kwamba alifanya haraka mara alipopata khabari. Ikitenguliwa, hutoka daftarini. Ada ya ombi si ndogo, naye amekwisha kuilipa. Anwani yake mpya sasa ameiandikia benki, mwajiri na kila anayemdai. Tunapoandika haya angali akingoja siku ya kusikilizwa, na mkewe bado yuko huku kwa wazazi wake.