Elimu Bila Ada na Debe la Mahindi

Tangu Januari 2016 mtoto wa Kitanzania hadaiwi ada katika shule za serikali, kuanzia awali hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaongezwa. Ni jambo jema. Anayelibeza hajakaa na mzazi aliyelazimika kuchagua ni yupi asome kati ya watoto wake wanne. Mwaka ule wa kwanza waliandikishwa darasa la kwanza watoto zaidi ya milioni 2.

Lakini pita jirani na shule ya msingi ya kijijini, hapa kwetu Misungwi, saa saba mchana. Wapo wanafunzi wenye sahani za makande. Wapo wengine chini ya mwembe, hawana sahani, kwa sababu nyumbani kwao hawakuleta debe la mahindi wala fedha ya maharage na kuni. Saa nane wote wanarudi darasa lile lile kujibu maswali yale yale.

Serikali haikudanganya. Waraka wa elimu wa mwaka 2016 ulieleza kwamba sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi. Ruzuku iliyopangwa kwa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Igawe kwa siku 194 za masomo, unapata kama shilingi 51 kwa siku, na hiyo ni ya vitabu, chaki na mitihani. Mwalimu mkuu anabaki katikati: akidai mchango kwa nguvu amevunja waraka, akinyamaza sufuria inabaki tupu.

Si mara ya kwanza idadi kutangulia maandalizi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, badala ya 1989 kama ilivyokusudiwa awali. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha huku wenyewe wakijifunza ualimu. Watu wakawatania kwamba UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mimi siwacheki; wazazi wetu wengi walijulia kusoma mikononi mwao.

Kinachonisumbua ni namna tunavyobishana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba kila mtu ana haki ya kuelimishwa, na kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Kila mmoja wetu ameshika nusu yake. Huyu anasema, “Asiyetoa debe, mwanawe asile.” Yule anasema, “Serikali ilishasema ni bure.” Wote wawili wanamwacha mtoto chini ya mwembe.

Mzazi mwenye ng'ombe ishirini zizini asiyetoa debe, serikali ya kijiji imbane. Sina huruma naye. Ila deni ni lake, si la mtoto wa darasa la pili. Na yupo mjane ambaye mvua zikikata anaishi kwa michembe. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba penye uhitaji mkubwa mali huwa ya wote. Sioni kwa nini fundisho hilo liishie kwenye mtihani wetu wa maadili.

Kanisa nalo lisijifiche. Misheni ya Bukumbi ilianza mwaka 1883, lakini leo shule zetu nyingi zinatoza ada asiyoiweza mkulima wa pamba. (Huo ni mjadala wa siku nyingine.) Linalowezekana msimu huu ni hili: kila jumuiya ndogondogo itoe madebe mawili baada ya mavuno, yakabidhiwe kamati ya shule kwa ajili ya watoto ambao walimu wanawajua, bila kuuliza dini na bila majina kusomwa kwenye matangazo ya Jumapili. Debe ni kama kilo 17. Kwa gramu 100 kwa mlo, linampa mtoto mmoja mahindi ya siku 170. Debe la pili litamaliza mwaka wake na kumshika mwenzake kwa miezi kadhaa. Yatabaki maharage, na kwa hayo nawatazama akina mama wa WAWATA.