Ukiona Damu kwenye Mswaki, Vuka!

Wiki hii tunakwenda Rukuba, kile kisiwa cha Musoma Vijijini, ambako jino likikusumbua unaanza kuwaza na nauli ya boti.

Ndiyo maana wengi kule hungoja mpaka jino liwalize usiku kucha. Kosa liko hapo. Ugonjwa wa fizi mara nyingi hauumi. Unaanza na damu kidogo ukipiga mswaki, fizi zinavimba, mdomo unanuka. Wewe unasema, "Aah, mswaki huu mgumu," unaacha kusugua upande ule. Kumbe ndiyo unaupalilia!

Chanzo ni ukoga. Usipoondolewa unakuwa mgumu kama jiwe, ndio ugaga, na unazama chini ya ufizi. Ufizi unaachana na jino, panabaki kijishimo. Kwa mtu mzima wa afya kina chake hakizidi milimita 3. Kikizidi hapo, mswaki haufiki tena. Mfupa unaolishika jino unalika polepole mpaka jino linacheza.

Dawa yake siyo kukimbilia koleo. Kuna kusafishwa kwa kina. Unapigwa sindano ya ganzi, daktari anakwangua ugaga mpaka kwenye mzizi, ili ufizi upate kujishika tena. Kazi hiyo mara nyingi hugawanywa kwa siku mbili au zaidi. Baadaye meno yatashtuka kidogo ukinywa cha baridi, usiogope. Na wanaosema kukwanguliwa kunalegeza meno, waambie kilicholegeza ni ugonjwa wenyewe. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wote, lakini uliobaki unapona nao.

Wavuta sigara na wenye kisukari, nyie kaeni chonjo zaidi, fizi zenu huharibika upesi.

Sasa kaka zangu wavuvi wa dagaa, msiniambie hamna nafasi. Mbalamwezi ikiwaka si mnapumzika? Badala ya kumalizia siku hizo kijiweni, vukeni mkamwone daktari wa meno Musoma mjini. Baada ya miezi kama 3 rudini apime tena. Nyumbani, mswaki asubuhi na usiku, na katikati ya meno pasafishwe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa meno ni ghali jamani! Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.