UFUGAJI WA KUKU: Yai Lenye Mbegu na Yai Tupu

Mara nyingi katika mashamba ya Njoro, Molo, Bahati na Subukia, kuku huatamia mayai 12 kwa siku 21, kisha akatoka na vifaranga 5 tu. Mwenye kuku husema ni bahati mbaya, na wengine husingizia ngurumo ya radi. Lakini huenda sehemu kubwa ya hasara hiyo ilikuwamo kiotani tangu siku ya kwanza, na ingaliweza kuonekana mapema.

Yapasa kufahamu kwanza kwamba yai ambalo halijaatamiwa halitambulikani kwa nje. Umbo lake halionyeshi kitu, wala kulitikisa hakusaidii. Hata kulitia majini hakusemi kama lina mbegu ama halina. Yai la siku nyingi huelea kwa kuwa hewa imezidi ndani yake, basi. Mbegu hujulikana baada ya joto la kuku kufanya kazi.

Wakati ufaao ni siku ya 7. Kwa mayai yenye ganda la rangi ya udongo, ambalo mwanga haulipenyi kwa urahisi, ni afadhali kungoja mpaka siku ya 8 au ya 10. Kazi hii ifanywe usiku, katika chumba chenye giza. Sanduku dogo la karatasi ngumu litobolewe tundu lililo dogo kuliko yai, na tochi kali, au simu yenye taa, iwekwe ndani. Yai lishikwe kwa mikono safi, upande wake mnene uelekezwe tunduni, kisha ligeuzwe taratibu.

Yai lenye uhai huonyesha doa jeusi, na mishipa myekundu iliyotapakaa kama miguu ya buibui. Yai tupu hung'aa lote, ila kivuli cha kiini tu. Likionekana duara la damu lisilo na mishipa, kifaranga alianza kuumbika akafa. Yai lenye mashaka lisitupwe: litiwe alama kwa kalamu ya risasi, lirudishwe, na kutazamwa tena siku ya 14. Siku hiyo yai zima huwa jeusi karibu lote, isipokuwa nafasi ya hewa upande mnene. Baada ya siku ya 18 mayai yasisumbuliwe.

Katika nchi ya baridi kama Molo na Mau Narok, hasa mwezi wa Julai, yatolewe mawili au matatu kwa mara moja, ili yaliyobaki yasikose joto la kuku.

Faida yake ni hii. Mathalani kuku wawili wamewekwa siku moja, kila mmoja juu ya mayai 10. Yakionekana 8 kuwa matupu, yale 12 yaliyobaki yaweza kulaliwa na kuku mmoja, na mwenzake akaachwa arudi kutaga. Tena mayai yaliyokufa, yakiachwa, huoza na kupasuka, yakachafua yaliyo mazima. Mayai yaliyotolewa kiotani yasipelekwe kamwe sokoni Nakuru. Mnunuzi aliyeuziwa yai viza harudi tena.

Mayai matupu yakizidi, mfugaji na amtazame jogoo. Jogoo mmoja hutosha mitetea 10 hivi. Hata yule wa kienyeji bora, aliyetokana na vifaranga vya kituo cha utafiti cha KALRO, Naivasha, hawezi kuhudumia mitetea 30. Jogoo mzee au mgonjwa abadilishwe. Lakini yakizidi mayai ya duara la damu, lawama si ya jogoo peke yake: huenda mayai yaliwekwa akiba mno kabla ya kuatamiwa. Yasipite siku 7, nayo yakae mahali penye ubaridi wa kiasi, pasipo jua.