Kundi la Damu Si Hati ya Ubaba

Lugha ya Kiswahili imelitwika neno "damu" mzigo mzito. Twasema ndugu wa damu, twasema huyu ni damu yangu, na twakariri kwamba damu ni nzito kuliko maji. Si ajabu basi kwamba mzazi aambiwapo kuwa mwanawe ana "kundi la damu" lililo tofauti na lake, huifasiri tofauti hiyo kuwa ya ukoo, akaanza kushuku kwamba mtoto si wake. Maoni yangu ni kwamba shaka hii, iwezayo kuvunja nyumba na kumwadhibu mtoto asiye na hatia, ni tatizo la lugha sawa na lilivyo tatizo la sayansi. Kwa hivyo, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna dhima ya kulitatua.

Hebu tuchukue mfano wa Kabati, soko lililo kando ya barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. Kundi la damu la mama huandikwa katika kijitabu chake cha kliniki ya wajawazito. Kijana wake wa shule ya upili akijitolea damu, naye hulijua kundi lake. Tuseme baba ni A, mama ni B, na kijana ni O. Wanabaraza wa sokoni watakuwa wamekwisha kutoa hukumu kabla ya jua kutua, ilhali hukumu yenyewe haina msingi.

Karl Landsteiner aliyatambua makundi ya damu mwanzoni mwa karne ya 20, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Kila mtu hubeba jeni mbili za kundi la damu, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Jeni hizo ni za aina tatu: A, B na O. A na B hujitokeza. O hujificha ikutanapo na mojawapo ya hizo. Mtu wa kundi A, basi, aweza kuwa na A mbili, au A moja na O iliyojificha. Baba mwenye A na O akimwoa mama mwenye B na O, watoto wao waweza kuwa A, B, AB au O. Ndugu wanne wa tumbo moja waweza kuhitilafiana wote, na kila mmoja awe mwana wa baba yuyo huyo. Vivyo hivyo, wazazi wawili wenye Rhesus chanya waweza kumzaa mtoto mwenye Rhesus hasi.

Kuna watakaodai kwamba kundi la damu laweza angalau kukanusha ubaba. Ni kweli kwa kiasi. Kwa kawaida wazazi wawili wa O huzaa O pekee, na mzazi wa AB hazai O. Hata hivyo, kuna hali adimu kama kundi la Bombay, lililoelezwa mwaka 1952, ambalo kipimoni huonekana kuwa O ilhali mwenyewe aweza kuwa amebeba A au B. Mwenye shaka ya kweli na aende kwenye kipimo cha vinasaba.

Katika mfumo wa 8-4-4, mada ya urithi imefundishwa katika kidato cha nne, tena kwa Kiingereza. Aliyeacha shule mapema huikosa, na aliyeisoma hana maneno ya kumwelezea nyanyake. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Istilahi zikisalia kabatini, zamfaa nani? Tuandike vijitabu vya kliniki vinavyosema "jeni inayojitokeza" na "jeni inayojificha", navyo vielezwe pia kwa Kikamba.

Fauka ya hayo, wahenga hawakuufunga uzazi kwenye damu pekee. Wakamba wana desturi ya iweto, ambapo mwanamke humwoa mwanamke mwenziwe ili apate watoto wa nyumba yake. Waswahili nao walinena: kitanda hakizai haramu. Tusiiache herufi moja kwenye kadi itangue hekima hiyo.